Nikeli Haidanganyiki

Uholanzi, 4 Februari 1996

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Natumaini wewe na Mama hamjambo. Mimi ni mzima, ila baridi hii itanimaliza. Kifurushi cha vumbi la mpingo kimefika. Profesa wangu alilinusa, akasoma jina la soko lenu kwenye kifurushi, akacheka: “Gikomba?” Yeye anataka msonobari wa kwao. Mimi nitalichemsha vumbi letu litoe sukari, kisha chembe za nikeli, ndogo hata jicho halizioni, ziigeuze sukari hiyo iwe malighafi ya plastiki. Plastiki ya mti, Baba, si ya petroli! Na mti wa kwetu utafanya kazi, Profesa apende asipende.

Mwanao,
Ndanu

Mtaa wa Tena, Nairobi, 2 Machi 1996

Binti yangu,

Hatujambo, isipokuwa goti la mama yako. Mwambie huyo Profesa kwamba watalii huvuka bahari kununua vinyago vyangu. Nilikuchagulia vumbi laini kabisa, la chini ya msasa. Asikutishe.

Baba yako,
Munyao

Uholanzi, 20 Aprili 1996

Kwa Baba,

Natumaini goti la Mama limepata nafuu. Mimi sina raha. Nimejaribu mara tatu, na kila mara nikeli inakufa, yaani inaacha kufanya kazi, kabla ya saa moja kwisha. Mashine inaonyesha salfa, sumu ya nikeli, tena nyingi ambayo mti hauwezi kuwa nayo. Profesa hataki kusikia. Anaandika kwamba miti yetu haifai, na nisipopata maelezo kufikia Juni, mradi wangu unafungwa nirudi nyumbani. Baba, usikasirike. Uliupaka nini ule mpingo?

Mwanao,
Ndanu

Mtaa wa Tena, 25 Mei 1996

Binti yangu,

Sisi ni wazima. Nimechelewa kwa sababu nilikasirika. Niliitupa barua yako juu ya kabati, na kila asubuhi mama yako akairudisha mezani.

Ule si mpingo. Ni jakaranda. Mimi na Kivuva, mwenzangu wa kibanda, huipaka rangi nyeusi ya viatu, tukaipiga msasa, tukaipaka tena. Wazungu wamenunua miaka saba bila kugundua. Nikeli yako imegundua kwa saa moja.

Kivuva anasema nikiandika haya nimeua kibanda. Na kife. Msomee Profesa barua hii, kila neno. Aandike Munyao ni mwongo, lakini asiandike mti wetu ni mbaya. Nimekutumia jakaranda tupu, nimeiranda mbele ya mama yako awe shahidi.

Baba yako,
Munyao

Uholanzi, 8 Julai 1996

Kwa Baba,

Salamu kwako na kwa Mama. Nikeli imefanya kazi siku tano bila kufa! Mradi unaendelea. Profesa alitaka barua yako isionekane, eti ni aibu. Nikamwambia bila hiyo ripoti nzima ni uongo. Iko ukurasa wa arobaini na moja, kwa Kiswahili chako, na jina lako chini. Nilikukasirikia sana, Baba, na najivunia wewe. Kivuva anasemaje?

Mwanao,
Ndanu

Mtaa wa Tena, 3 Agosti 1996

Binti yangu,

Hatujambo. Kivuva amehama na wateja wote. Nimebandika kibao: JAKARANDA. Wiki nzima nimeuza twiga mmoja tu. Mteja aliyemnunua alimkwaruza kwanza kwa ukucha. Zamani ningemshika mkono asiione rangi ikibanduka. Safari hii nilimwambia, “Kwaruza tena, mama, na huku chini ya tumbo pia.”

Baba yako,
Munyao