Kifaa Kimoja kwa Wakati Mmoja

Jumamosi, 3 Mei

Kimefika. Kiboksi cheusi, kimo cha kitabu kinene, uzito wa tofali. Jamaa wa ofisini ameniapia kwamba nikikiunganisha na amplifaya yangu na zile spika mbili ndefu, nitasikia hata mpiga gitaa akimeza mate. Miaka hamsini na minane nimeishi bila kumsikia mpiga gitaa akimeza mate, na ghafla nikaona siwezi kuendelea hivyo.

Kitabu cha maelekezo kina lugha chungu nzima, zote zinanionya nisikitumbukize majini. Namna ya kukiwasha? Tazama kwenye mtandao. Namna ya kukiingiza kwenye mtandao? Kiwashe kwanza. Ahsanteni.

Mimi ni mkaguzi wa lifti. Nashuka kwenye visima vya giza kuziuliza nyaya za chuma kama zimechoka. Mitambo ya kubeba watu kumi na watano hunitii. Hiki kinawasha taa nyekundu na kunikodolea macho.

Mke wangu alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya hisabati. Bila kuinua kichwa akauliza kwani redio imekufa. Nikamweleza kwamba hii si redio, hii inavuta nyimbo zote za dunia kwa wifi. Akasema, zote? Nikasema zote. Akasema basi nianze mapema.

Jumapili, 4 Mei

Ugonjwa umepatikana: ruta ya wifi. Iko chumbani kwa Chiriku, na kati ya chumba kile na sebule kuna ukuta uliojengwa na mtu aliyeogopa vita.

Chiriku ni binti yetu. Jina tulimpa kwa sababu tangu aanze kusema hakufunga mdomo. Sasa ameufunga. Niliandike hili mara moja, yaishe: mwaka jana aliacha masomo ya famasia akiwa mwaka wa tatu, akahamia mji mwingine kuoka mikate. Mikate! Nikamwambia asinipigie simu mpaka awe na cheti mkononi. Maisha yake yote hajawahi kutii agizo langu hata moja — hili amelitii kama askari.

Basi. Ruta iliwekwa kwake ili asome. Siku hizi inajisomea yenyewe.

Dawa ni waya. Nimeingia kuupima. Sikuwa nimeingia tangu aondoke; sikuwa na shughuli humo. Kitanda kimetandikwa. Ukutani bado kuna chati ya dawa zenye majina marefu. Vumbi hakuna hata chembe, kwa hiyo kuna mtu anapangusa, na si mimi. Nimepitisha waya chini ya mlango, nikaulaza pembeni mwa ukuta, nikaubana kwa klipu zile tunazotumia kazini. Kazi safi. Ila mlango haufungi tena sawasawa. Utabaki wazi kidogo. Ni kwa ajili ya waya.

Kiboksi kikauliza kiitwe nani. Nikaandika SEBULENI. Kikauliza akaunti ya muziki. Mke wangu akasema tumia hiyo iliyo kwenye simu yako, si Chiriku alikufungulia zamani? Nikatumia.

Na kikaimba! Mate sikuyasikia. Lakini nimesikia kiti cha mpiga ngoma kikilia chini yake. Mke wangu akaacha kalamu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema "hm." Katika nyumba hii "hm" ya mke wangu ni shahada ya heshima.

Jumanne, 6 Mei

Jioni, katikati ya wimbo, kimya. Taa ya kijani, waya mzima, umeme upo. Kimya tu. Nikazima, nikawasha. Kikaimba kidogo, kikanyamaza tena. Nadhani kinafikiri.

Jumatano, 7 Mei

Tena. Safari hii tarumbeta zilikuwa ndio zinaingia.

Kazini nimemwona bibi mmoja akibonyeza kitufe cha lifti mfululizo, kama anayemfinya mtoto mkaidi. Kwa kawaida huwaeleza watu hawa kwamba lifti haina masikio. Leo nimempita kimya kimya. Jana mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, tena kwa magoti.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwita fundi wa mitandao. Kijana nadhifu, kamkoba kadogo, maneno ya kujaza lori. Kwanza kosa lilikuwa la ukuta. Nikamwonyesha waya. Kosa likahamia kwenye waya. Akaubadilisha. Likahamia kwenye umeme wa mtaa, halafu kwenye apdeti, halafu kwa majirani. Nilikaribia kuamini kosa ni la mvua za mwaka juzi.

Wakati anaeleza habari za majirani, muziki ukakatika. Mke wangu akaokota simu yangu kochini. "Kuna maandishi hapa," akasema. "Hukuyaona?"

Nikamwambia sikuvaa miwani.

Akayasoma kwa sauti ile ya darasani: "Muziki umesimama. Akaunti hii inatumika sasa kwenye Simu ya Chiriku. Kifaa kimoja kwa wakati mmoja."

Fundi akamtazama mke wangu, akanitazama mimi, akaanza kukunja waya zake. "Hapo sasa mzee," akasema, "hayo ni mambo ya kifamilia." Ndiyo kauli pekee ya kitaalamu aliyoitoa mchana kutwa.

Kumbe. Jioni nikisikiliza mimi, na yeye huko anakanda unga na kuweka nyimbo zake. Akianza, mimi nakatika. Miezi yote hii hana la kuniambia, na sasa ananikatisha kauli kila siku.

Jumatatu, 12 Mei

Kwenye simu kuna kitufe: "Sikiliza hapa." Ukikibonyeza, muziki unarudi kwako na wa mwenzako unakufa. Haki ni haki. Mwenye nyumba ni nani? Nikabonyeza.

Muziki ukarudi. Mara ukaondoka. Nikabonyeza. Ukaondoka. Nikabonyeza.

"Unagombana na mtoto kwa kidole," mke wangu akasema kutoka mezani.

"Sigombani na mtu. Nasikiliza muziki."

"Wimbo gani?"

Swali la kiwalimu hilo. Nikabonyeza tena, na safari hii haukuondoka. Nikangoja. Haukuondoka. Umecheza mpaka mwisho, na uliofuata pia. Nimeshinda.

Wimbo gani, sikumbuki.

Ijumaa, 16 Mei

Wiki nzima haujakatika hata mara moja. Sauti ni safi ajabu. Jamaa wa ofisini hakusema uongo, kila kitu kinasikika. Nakaa kwenye kiti changu nikisikia hata pale ambapo ungeweza kukatika na haukatiki.

Mke wangu huzungumza na Chiriku kwa simu jikoni, wakati wa kukaanga. Wanaamini mafuta yakichemka mimi siwi na masikio. Natakiwa nisijue, kwa hiyo sijui. Leo alipotoka nikamuuliza, hivi hivi tu, kama ile tanuri ya mikate imefungwa.

"Tanuri gani?"

"Yoyote."

Akajifuta mikono. "Haijafungwa. Alisema mwache baba asikilize, anarudi amechoka. Siku hizi anakanda bila muziki. Anasema si vibaya, mashine ikitaka kuharibika anaisikia mapema."

Hiyo ni kauli yangu. Mashine humwambia mtu kabla haijaharibika, ukinyamaza. Nimeisema kuhusu lifti tangu yeye hajaota meno. Nani amemruhusu kuipeleka kwenye unga?

Jumanne, 20 Mei

Leo sikuwasha. Kichwa kizito. Na kesho nina jengo refu la kukagua. Na vifaa vya namna hii vinahitaji kupumzishwa, ingawa kitabu hakisemi.

Mke wangu akauliza kama namwachia mtoto.

Nikasema kichwa kizito.

Alhamisi, 22 Mei

Siku ya tatu spika zimesimama sebuleni kama wageni wasiojua waage vipi. Mke wangu ameweka kitambaa juu ya moja. Kesho kitafuata chungu cha maua, namjua.

Baada ya chakula akalipuka. Si kwa kelele. Yeye hulipuka kwa utaratibu, hatua kwa hatua, kama anayeandika ubaoni. Amesema: jana nilimuuliza Chiriku kama sasa anasikiliza, akajibu hapana, hataki kumkatisha baba. Wewe huwashi ili usimkatishe yeye. Akaunti moja, watu wawili, na hakuna anayesikia kitu. Amefundisha hesabu ujana wake wote, na hii hajui aisahihishe vipi.

"Mpigie simu," akasema.

"Nilimwambia asinipigie."

"Ulimwambia yeye. Wewe nani kakukataza?"

Nikasema nina wasiwasi na klipu moja ya waya kule chumbani. Nikaenda. Klipu ilikuwa imekaza kama nilivyoiacha. Nikaketi ukingoni mwa kitanda ili niikague vizuri. Mchagoni kuna alama ya sukari au unga, sijui, ya zamani. Kumbe hata alipokuwa anasomea dawa alikuwa akila kitandani. Tulimkataza hilo pia.

Nilikaa kitambo. Ukaguzi mzuri hauna haraka.

Simu nilikuwa nayo mfukoni. Ilibaki humo.

Jumapili, 25 Mei

Naandika kwa penseli juu ya goti. Kalamu iko mezani na sitaki kuinuka.

Jioni hii nilikaa tu. Sikuwasha kitu. Mke wangu alikuwa jikoni, simu yake inachaji hapa pembeni yangu, kwa hiyo si yeye. Taa ya kiboksi ikageuka kijani. Halafu spika zikaanza kuimba.

Sauti ndogo mno. Kama mtu anayebisha hodi kwa ncha ya kidole. Ngoma nyingi, na msichana anaimba kama aliyetoka usingizini. Si muziki wangu. Nikavaa miwani, nikatazama simu: "Inacheza SEBULENI. Imewekwa na Simu ya Chiriku."

Mke wangu akatokea mlangoni na mwiko.

"Ni kosa," nikamwambia. "Kidole kimeteleza. Amechagua kifaa kisicho chake kwenye akaunti."

"Inawezekana," akasema. Akaketi. Mke wangu haketi chakula kikiwa jikoni.

Tukasikiliza. Chini ya ngoma kulikuwa na kinanda, kwa mbali. Nikapandisha sauti kidogo ili nikisikie vizuri, na hapo ndipo nikaona kwenye simu kwamba mstari wa sauti unatembea ninapougusa. Kama unatembea huku, unatembea na kule. Kwa hiyo ameona. Kwa hiyo anajua kuna mtu.

Nikatoa kidole upesi, kana kwamba nimeshika jiko.

Mstari ukapanda tena. Kidogo tu. Sikuugusa mimi.

Nikamtazama mke wangu. Akanionyesha viganja vyote viwili na mwiko wake. Wala si yeye.

Nikaupandisha. Ukapanda. Nikaupandisha. Spika zikaanza kutetemesha vijiko mezani, jirani akagonga ukuta, na hakuna aliyeshusha, si huku wala kule. Nimeusikia wimbo wote. Mbaya kupita kiasi. Naweza kuuimba sasa hivi neno kwa neno.

Ukaisha. Nikangoja unaofuata. Haukuja. Taa ya kijani inawaka, kiboksi kinangoja.

"Amekuachia," mke wangu akasema. "Zamu yako."

"Zamu ya nini?"

"Weka wimbo, mume wangu."

Nimefungua orodha. Wa kwanza ni mrefu, na mke wangu anasema Chiriku hupumzika wakati unga unaumuka, si zaidi. Wa pili ni wa kuagana. Haufai. Wa tatu ni wa mapenzi, mtu hampelekei binti yake hayo. Wa nne mzuri, lakini unaanza kwa mzee anayelalamika, naye atasema huyo ni mimi.

"Weka wowote."

"Huwezi kuweka wowote tu."

"Unga unaumuka."

Wa tano una tarumbeta. Sijui kama anapenda tarumbeta. Nimeishi naye miaka ishirini na mbili na sijui. Jikoni kuna harufu ya kuungua. Mke wangu amekwenda kuepua, amesema akirudi akute nimebonyeza. Kidole kiko hapa juu ya tarumbeta, na nasikia kandambili zake zinarudi —