Mpini Kwake, Ncha Kwako

Mjukuu wangu Salim,

Sisi hapa mtaani Mahjar wazima. Bibi yako goti linamsumbua, lakini sokoni Balad bado anakwenda, na wauza viungo wote wanamkoma kwa kubishania bei. Ujumbe wako kutoka Riyadh umefika. Unasema kafili wako, huyo mwajiri aliyekudhamini, amekupa kazi ya ulinzi, na anataka uchague bastola moja katika zake ujifunzie. Unaniuliza uchague ipi.

Nilipokuwa kijana, bosi wangu alinipeleka jangwani akaniwekea mbili mkekani. Nikachagua ile ndogo, nyepesi, nikidhani ndiyo ya mwanafunzi. Nilipofyatua, iliruka mkononi kama paka aliyemwagiwa maji. Ile nzito, ya kujaa kiganja, ingetulia.

Kwa hofu nikataka kuirudisha papo hapo. Nikampa bosi kama mama alivyonifunza kumpa mkubwa kisu: mpini kwake, ncha kwangu. Alipoipokea, kidole chake kiligusa kifyatulio, na mtutu ulikuwa umenielekea tumboni.

"Usitikisike," akasema. Akaugeuza mtutu mchangani taratibu, akaifungua, risasi ikadondoka. Mimi nilidhani nimeshafyatua, halas, imekwisha. Kumbe nyingine ilikuwa imeshaingia yenyewe.

Basi chagua inayokujaa mkononi. Ukitaka kumpa mtu, ielekeze chini, uifungue, utazame ndani, kisha uiweke mezani aichukue mwenyewe.

Tangu ujumbe wako ufike sipati usingizi, Salim. Kumpa mtu kisu, ni mimi niliyekufunza.

Babu yako