Shamba Lisilochomwa

La Másica, 8 Julai 1988

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Mjukuu wako Delmi ameanza kutembea, anavunja kila anachokishika. Mgongo wako je?

Kaka Adán ameniandikia kwamba mahindi yakikataa tena mwakani utamuuzia Don Rigoberto shamba la mlimani aweke ng'ombe wake, uhamie mjini. Baba, mjini utafanya nini, utazame magari? Nimempa dereva wa lori mfuko wa maharage akuletee. Huku kwa mume wangu huyapanda katikati ya mahindi, yakatambaa, yakafunika ardhi. Yakishakauka usichome. Yaache yaoze palepale, upande juu yake.

Binti yako, Nohemí

Mlimani, 30 Julai

Nohemí mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, unalalamika kama mwenyewe. Maharage yamefika. Nusu nimepanda. Nusu nimechemsha nikala na tortilla, maana binti akimtumia baba yake maharage, katika Honduras hii, baba hubandika chungu. Nimetapika hadi jirani yangu Ticho akataka kumwita padri. Ulitaka urithi mapema?

Baba yako, anayekupenda hata hivyo, Eulogio

La Másica, 11 Agosti

Baba, shikamoo, na pole sana! Nimecheka, kisha nimelia kweli. Hayo ni chakula cha ardhi, si cha watu. Huku hata watoto wanajua, ndiyo maana sikuwaza kukuambia. Yaliyobaki shambani usiyaguse, nakuomba.

Binti yako, Nohemí

Mlimani, 3 Aprili 1989

Mwanangu,

Salamu nyingi kwenu. Mwili mzima, moyo ndio mgonjwa. Majani yako yamekauka, yamelala shambani, mazito. Mlima wote umeshachomwa, mweusi kama sufuria, isipokuwa kwangu. Unajua huku mwanaume asiyechoma Aprili ni mvivu. Mlangoni pa kanisa Ticho kaniuliza mbele za watu, "Eulogio, kiberiti kimekwisha? Nikukopeshe?" Wakaangua kicheko. Don Rigoberto anakuja mwisho wa mwezi kuulizia shamba. Naogopa, Nohemí. Naogopa kukosa mahindi na heshima kwa mpigo mmoja.

Baba yako, Eulogio

La Másica, 10 Aprili

Baba, shikamoo. Kabla hujawasha, inua majani, ingiza mkono chini. Hilo tu, kwa ajili yangu. Utakaloamua, mimi ni wako.

Binti yako, Nohemí

Mlimani, 24 Septemba 1989

Nohemí wangu,

Marahaba, na nisamehe kwa kimya. Nilitaka kwanza niyaone mahindi.

Niliingiza mkono. Ulitoka na tope, Aprili hiyo, wakati hata kijito kimekauka. Nikakaa chini nikalia kama mtoto. Sikuchoma. Mvua za Juni zilipokuja, udongo wa wenzangu uliporomoka hadi barabarani, wangu haukusogea. Mahindi yamenipita kimo. Ticho kaja kuomba mbegu za maharage yako, kofia mkononi, nikampa.

Don Rigoberto naye karudi, sasa analitaka shamba kuliko mwanzo. Nikamwambia siuzi mali ya mtu.

"Ya nani? Ya Adán?"

"Ya Nohemí."

Alicheka, akidhani namtania, maana huku binti hapewi mlima. Adán hana neno, anasema udongo unamchafulia viatu tu. Jumatatu nilishuka manispaa, nikaliandikisha kwa jina lako. Njoo na Delmi uone lako.

Baba yako na kibarua wako,
Eulogio