Eeddo, Ulijibu Nabad Mara Mbili

Eeddo,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako hapa chumba cha simu za dharura, kile ulichokuwa ukikifunga mguu kwa kamba ya manila. Bado kinayumba. Hedifoni bado inanukia udi uliokuwa ukifukizia mitandio yako. Tumeshaswali alasiri, simu zimetulia kidogo, na mimi niliyezoea kuhutubia wanafunzi nikiwa juu ya meza nimekosa neno la kuanzia. Basi naanza na lile tulilokuwa tukiitana. Wewe dada wa baba yangu, mimi binti wa kaka yako, na kwa desturi yetu jina la shangazi huenda na kurudi: nilikuita eeddo, nawe ukaniita eeddo. Tangu tukuzike nimelitamka mara nyingi. Hakuna wa kunirudishia.

Chuo kimefungwa kwa sababu ya mgomo, na ndiyo, nilikuwa mstari wa mbele. Usije ukadhani nimeacha mapambano. Hapa kituoni kwako walikuwa wanatafuta mtu wa muda wa kupokea simu, anayejua Kisomali, Kiswahili na mitaa ya Garissa, nikaja. Komora, dereva wako wa ambulensi, alinitazama siku ya kwanza akacheka: "Wakili, hapa hakuna kipaza sauti." Hadi leo ananiita Wakili. Nikianza kumweleza haki ya raia kupata huduma, hunikatiza redioni: "Hotuba baadaye, Wakili. Nipe njia kwanza."

Mengi yamebadilika. Tumeletewa skrini mpya, na pamoja na skrini tumeletewa mwongozo. Uliza mahali. Uliza tatizo. Mpigaji akisema hakuna tatizo, kata simu. Msimamizi mpya, mgeni wa huku, anautetea kwa hoja ambayo siwezi kuidharau: watoto wanachezea simu, na anayezungumza na watoto anamzuia mgonjwa. Sawa. Lakini ni nani aliyemwambia kwamba huku mtu hutanguliza tatizo lake? Huku mtu hutanguliza nabad. Nyumba inaweza kuwa inawaka moto, na mwenye nyumba, ukimuuliza habari, atakujibu nabad, ni amani, alhamdulillahi. Kwa sababu kufungua mazungumzo kwa malalamiko ni kumlalamikia Mungu mbele ya watu. Hiyo si ishara ya ujinga, na hakuna semina itakayoiondoa. Ni adabu, na adabu yetu ina uwezo wa kuua.

Wewe ulilijua hilo. Ulikuwa ukimwacha mpigaji apitie salamu zake zote, watoto, mbuzi, mvua, kisha ukauliza swali lako la pili, taratibu, kana kwamba ni salamu nyingine tu: "Na huyo aliyekufanya ushike simu, yeye yukoje?" Nilipokuwa nakuja likizo nilikuwa nikibishana nawe. Nilisema salamu ni anasa, dharura haina muda wa mbuzi. Ulikuwa ukicheka, ukisogeza kikombe chako cha chai ya maziwa ya ngamia mbali na nyaya, na kusema, "Eeddo, wewe ongea na serikali. Mimi niache niongee na watu."

Juzi alipiga baba mmoja kutoka mtaa wa Iftin. Nabad? Nabad. Watoto? Nabad, alhamdulillahi. Nikamuuliza tatizo ni nini, kama skrini inavyoamuru. Akasema hakuna tatizo, dada, tunashukuru. Kidole changu kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kukata. Sijui niliusikia ukimya wake au niliusikia udi wako. Nikasema, "Na huyo aliyekufanya ushike simu, yeye yukoje?"

Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyeona haya, "Binti yangu anapumua kama aliyekimbia. Na hajatoka kitandani."

Komora alimfikia. Hewa ya oksijeni walimwekea humo humo garini. Binti amesharudi nyumbani, na baba yake alinipigia kunishukuru. Akaanza, bila shaka, kwa mbuzi.

Nimepewa onyo kwa kukiuka mwongozo. Nikirudia, nafukuzwa. Nilisimama mbele ya msimamizi nikiwa na hotuba nzima kichwani, yenye dhuluma, yenye historia, yenye wananchi wa pembezoni mwa taifa. Sikuitoa. Nilimwambia tu kwamba nitarudia.

Sasa nifike kule nilikokuwa nikikwepa kufika.

Asubuhi ile ya mwisho ulikuwa umekaa mkekani, umeshika mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nafunga mkoba, basi la Nairobi likinisubiri. Nilikuuliza, "Nabad, eeddo?" Ukasema nabad. Na mimi, mpinzani wako, mdharau salamu, nikatumia swali lako mwenyewe. Wallahi nililitumia. Nilisema, "Na huo mkono unaoushika, wenyewe ukoje?" Ulitabasamu. Uliujua mtego huo kuliko mtu yeyote katika mji huu, maana ulikuwa wako. Ukasema, "Nabad, mwanangu. Nenda, usiachwe." Sikuwa nimefika Mwingi waliponipigia.

Kwa nini, Eeddo? Wewe uliyewatoa wanaume wazima kwenye nabad zao kama anayetoa mwiba! Namba ya dharura ilikuwa kinywani mwako miaka yote hiyo. Msibani walisema hukutaka kumsumbua mtu. Wengine walisema uliogopa gari lije kwako huku mama mjamzito akilisubiri kwingine. Walilisema kwa sifa, wakatikisa vichwa, na mimi nilitaka kupiga kelele. Sitaki kukufanya shujaa. Nimeshabeba mabango ya kutosha yenye picha za mashujaa waliokufa. Mimi nilitaka shangazi aliye hai, mwenye kununa, anayeniambia nipunguze sauti.

Nimekasirika nawe, na kila nikikasirika naishia kukuombea. Najua ulichofanya ndicho anachofanya kila mama wa mji huu, kila mzee, kila mchungaji aliyeumwa na nyoka anayesema ni kidogo tu. Swali lako lilikuwa zuri, Eeddo. Lakini lilikuwa moja tu, na wewe ulikuwa umejifunza kulijibu.

Wanifukuze au wasinifukuze, nakuahidi hivi. Nitasalimu. Nitauliza habari za mbuzi, hata za mvua isiyonyesha. Nitauliza swali la pili kwa upole wako. Na nikijibiwa nabad mara ya pili, nitauliza mara ya tatu kwa ukali wangu mimi, ule uliokuwa ukiuchekea. Nitauliza hadi wachukie. Nyumbani nimeshaanza: Baba ana kikohozi, na jana alinifokea kwamba hii si mahakama. Nilimpeleka hospitali hivyo hivyo, akinuna njia nzima.

Pumzika, Eeddo. Mola akupe ile amani uliyokuwa ukitujibu. Mimi nabaki huku na watu walionikasirikia, na wote, alhamdulillahi, wanapumua.

Eeddo wako,
Hodan