Nakala ya Ukurasa Uliokatwa

Duka la Kutengeneza Redio,
Nyuma ya Soko,
S.L.P. 214.
12 Mei

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Goti linakusumbua bado, au umeanza kumsikiliza daktari? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku tunapumua. Mama anakula vizuri, anagomba vizuri zaidi. Hayo ndiyo mazuri. Sasa kaa chini.

Ulisikia mto ulivyofurika. Minara ya simu ililala yote, na ofisi ya maafa ikawa bubu kama sisi wengine. Mdogo wetu, ambaye tunamwita Mkuu tangu apewe kiti kinachozunguka pale ofisini, alikuja dukani mbio, suruali imelowa hadi magotini.

"Kaka, washa mtambo! Zahanati ya ng'ambo ina akina mama wawili wana uchungu, na hakuna wa kuwaitia boti."

"Kibali kiko wapi?" Kanuni zetu sisi wa redio ya ridhaa unazijua, nimekuchosha nazo miaka mingi: mtu wa kujitolea hagusi masafa ya serikali mpaka ofisi imwite kwa maandishi.

"Maandishi yatafuata. Kwani mimi si ofisi?"

Nikawasha. Kosa langu ni hilo, silikatai. Nikaandika daftarini, kama ninavyoandika kila ujumbe: saa nane na dakika kumi mchana, nimeitwa na ofisi ya maafa. Mkuu akatia sahihi pembeni. Boti ilifika. Watoto wote wawili wazima. Mmoja, naambiwa, ana sauti isiyohitaji mtambo.

Maandishi hayakufuata. Zilifuata barua za wakubwa, wakiuliza raia aliingiaje kwenye masafa yao. Mkuu akaja tena, safari hii kakauka, akaazima daftari. "Nikakutetee, Kaka." Kesho yake akalirudisha. Ukurasa ule haupo. Umekatwa kwa wembe, kwa ustadi, kwenye mshono kabisa. Mikono ile niliifundisha mimi kuchuna waya.

Kwenye maelezo yake kaandika kwamba sikuitwa, nilijiingiza mwenyewe. Kikao ni tarehe thelathini. Nikishindwa, leseni inakwenda, na mtambo nilioujenga kipande kwa kipande unabebwa. Wahenga walituonya kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kwamba huwa kinakuita Kaka.

Lakini kuna somo moja Mkuu alilikimbia: karatasi ya kaboni. Alisema inachafua vidole. Kila ukurasa wa daftari langu una pacha wake kwenye bati la biskuti, na huu una sahihi yake, imepenya vizuri. Huwa anakandamiza kalamu kama mtu mwenye haki.

Nilimwonyesha Mama. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wewe una ufundi, mwanangu. Mwenzio ana kiti tu. Ichome." Hakuniuliza kama nimeumia. Na mimi sijawahi kumkatalia Mama jambo akilirudia mara ya pili, ndiyo maana nakala imo humu kwenye bahasha, kabla hajarudia.

Itunze. Kikaoni nitamwachia Mkuu aseme kwanza. Akisema, "Nilimwita mimi," nitakupigia simu uichome, na hatutalizungumza tena mpaka tunazikwa. Akinikana nimekaa mbele yake, itume kwa mwenyekiti wa kikao. Anwani nimeiandika nyuma.

Nakuomba usimtonye, Dada, hata kwa mafumbo. Leseni naweza kuomba nyingine. Ninachotaka kujua ni kama bado nina mdogo.

Nisalimie Shemeji, na yule binti yako wa mwisho mwambie redio yake iko tayari, inakohoa kidogo tu. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akupe watu wa kuaminika hata kama ni wachache.

Wako akupendaye daima,
Mdogo wako Fundi

N.B. Ukishaishika hiyo karatasi, nawa mikono. Kwa hilo Mkuu hakudanganya: kweli inachafua vidole.