Kwenda Bandarini na Kurudi

Nyumbani,
Nyuma ya tanuri la mikate.
Jumapili mchana, mwezi wa saba.

Mpendwa mwanangu,

Marahaba. Najua hujanisalimia, lakini nakujua: ukiifungua barua hii utasema shikamoo mama mdogo hata kabla hujakaa, kwa hiyo nimeitikia mapema. U mzima? Kile kikohozi ulichokuwa nacho tulipoongea mara ya mwisho kimekwisha, au bado unakipika pamoja na chakula cha mabaharia wenzako? Usinidanganye. Mtu akidanganya kwa maandishi mimi huona mwandiko unainama.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mgongo wangu ni uleule, unauma nikiinama tanurini na unapona nikipata umbea. Mama yako hajambo, anakula, anashona sare za shule mpaka cherehani inapata moto. La wasiwasi lipo na nitalifikia. Kwanza tusalimiane.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Yako hukatika pale maneno yanapokolea, nami kila nikiishika yangu mama yako huwa amesimama begani pangu anasikiliza. Yule mwenzako wa chumba cha mashine, aliyekuwa likizo, alipita kuaga akasema atajiunga nanyi kabla hamjafika huku. Nitampa bahasha hii pamoja na mkate wa maziwa. Mkate ukifika nusu, muulize yeye.

Habari kwamba meli yenu itafunga gati hapa pwani kwetu tulizipokea vizuri mno. Binti yangu alipiga kigelegele hadi wateja wakadhani tumeshusha bei. Nilielewa ulivyosema: meli inakaa siku moja tu, na ruhusa yako ya kutoka ni tangu asubuhi hadi alasiri. Wewe kupanda hadi huku juu haiwezekani, utakuwa hujamaliza hata chai saa ya kurudi imefika. Kwa hiyo tutashuka sisi.

Si safari ya kutisha, ukiisikia ikisimuliwa na wengine. Watu wa huku huenda mjini wakarudi siku hiyohiyo na kuwahi kufungia kuku. Lakini mwanangu, mimi ni dereva wa vumbi. Pikapu yangu inajua njia ya shule, ya zahanati na ya maduka ya sokoni, na haijawahi kudaiwa mwendo wa maana. Barabara kuu ni ulimwengu mwingine. Tangu tulipopanga safari hii silali vizuri. Nikifumba macho naona malori.

Nimeipeleka pikapu kwa fundi wetu, yule tunayemwita Bado Kidogo, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Nilikataa kuondoka. Nilikaa juu ya kreti la mikate nikamwangalia anafungua tairi moja baada ya nyingine na kukagua breki. Alipomaliza akaniambia gari liko tayari kwenda hata mbinguni. Nikamwambia huko ndiko sitaki kwenda, nataka bandarini. Halafu nikamfanya aliendeshe mwenyewe kwenye ule mteremko wa mashine ya kusaga huku mimi nimesimama chini. Alisimamisha pale nilipomwonyesha. Alinuna, lakini alisimamisha.

Jumatatu iliyopita nikajikaza, nikaingia barabara kuu peke yangu kujifunza. Nilikwenda mpaka kituo cha mafuta cha kwanza. Lori moja lilinijia nyuma likanipigia honi ndefu, nami nikawa sijui niongeze kasi au nipunguze, nikafanya vyote viwili. Nilipofika kituoni mikono ilikuwa imeganda kwenye usukani. Kijana wa pampu akauliza niwekewe kiasi gani, nikamwambia naomba maji ya kunywa. Usimweleze mama yako hili. Yeye anajua nilikwenda kununua hamira.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu.

Mama yako hajapanda gari tangu siku ile. Sidhani kama uliwahi kuambiwa hivyo waziwazi. Siku ya kukusindikiza kwenye meli yako ya kwanza mimi nilibaki na tanuri, wakaenda yeye na marehemu baba yako kwa gari la kukodi. Wewe ukaingia melini, wao wakaanza kurudi, na pale darajani lori lililokatika breki likawavaa. Hayo unayajua. Unajua pia kwamba baba yako alifia palepale, na kwamba mama yako alitoka na mkono uliovunjika. Habari zilikupata baharini, tayari tumeshazika.

Usiyoyajua ni ya baada ya hapo. Mama yako sasa ni mtu wa miguu. Jino lilipomsumbua alitembea mpaka zahanati na kurudi, shavu limevimba kama andazi. Vitambaa vya sare namletea mimi. Harusi za upande wa pili wa mto hahudhurii, hutuma zawadi na kusema ana kazi nyingi. Sisi tumezoea, tukaacha kuuliza. Na wewe nawe tangu siku hiyo hujakanyaga hapa. Likizo zako unazimalizia katika miji ya watu, unatuma dawa na nguo, unasema ratiba imebana. Hilo nalo tuliacha kuuliza.

Uliposema meli inakuja, mama yako ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema tutashuka. Hakusitasita. Kesho yake akaanza kukukatia shati kwa kukisia, akaniuliza kama bado una mabega ya baba yako. Mimi nikabaki nawaza, huyu dada yangu atafikaje?

Tukaanza kidogokidogo. Siku ya kwanza alikaa tu ndani ya pikapu imeegeshwa mbele ya tanuri, injini imezimwa, akawa anapinda pindo za sketi. Watu wakipita wanamsalimu, naye anaitikia kama yuko barazani. Siku nyingine nikawasha injini bila kuondoka. Akashona vilevile, ila niliona pindo limekwenda upogo. Baadaye tukaenda mpaka mashine ya kusaga tukarudi, nikajua tumefanikiwa.

Tulipofika pale njia ya vumbi inapokutana na barabara kuu, mambo yaliharibika. Nilisimama kungoja nafasi, malori yakipita pikapu inatikisika. Mama yako akafungua mlango kwa utulivu kabisa, akashuka, akageuka na kuanza kurudi nyumbani kwa miguu. Nilimwita, hakugeuka. Ikabidi nigeuze gari nimfuate nyuma polepole, nimewasha taa za tahadhari, mpaka hapa nyumbani. Watu walitoka kwenye maduka kuangalia. Mzee mmoja alivua kofia, alidhani tuna msiba.

Nilimwacha hadi alasiri ya kesho yake, nikaenda chumbani kwake cha kushonea na kisingizio cha aproni iliyofumuka. Nikamwambia kama anaogopa kufa barabarani aseme tu, wewe ni mtu mzima utaelewa, nami nitakwenda peke yangu nikupelekee shati. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Kisha akasema:

"Kwenda naweza. Kurudi ndiko siwezi."

Mwanangu, nilikuwa sijawahi kuliona hivyo. Akanieleza kwamba kwenda kule, siku ile, walikwenda wakicheka. Baba yako alikuwa anakutania kuhusu upishi wako. Ni kurudi ndiko kulikokuwa na lile jambo. Amenyamaza nalo muda wote huu. Anasema atashuka mpaka bandarini, atakuona, atakushika, halafu itafika saa ya kukuacha langoni na kuingia tena garini kuelekea daraja lilelile. Hapo ndipo anaposhindwa, na anashindwa tangu sasa.

Nikamuuliza kama anadhani ndiyo sababu na wewe hujarudi nyumbani. Akasema hapana, wewe hujarudi kwa kuwa unafikiri anakulaumu. Na kwa kuwa mimi mdomo wangu hauna mlango, nikamuuliza kama anakulaumu kweli.

Alitoa mguu kwenye cherehani.

"Nilimlaumu," akasema. "Mwaka mzima. Nikisikia sauti yake kwenye simu nilikuwa nasema moyoni, kama usingetaka meli baba yako angekuwepo. Halafu siku moja nikawa namshonea mtoto wa jirani sare, nikashtuka kwamba sijamlaumu tangu asubuhi. Kesho yake vilevile. Ikaisha hivyo, yenyewe. Sikujua namna ya kumwambia imeisha, maana sikuwahi kumwambia imeanza."

Niliikunja ile aproni. Nikamuuliza nikuandikie. Akasema niandike, yeye mkono wake ni wa sindano.

Jana tukajaribu tena, na safari hii wazo lilikuwa lake. Alisema tusijifunze kwenda, tujifunze kurudi. Kwa hiyo tulivuka daraja kuelekea kule, amefumba macho na kitambaa usoni, tukafika kwenye vile vibanda vya matunda ng'ambo. Pale tukashuka, akanunua chungwa, akalimenya, hakulila. Nilimwona anatazama barabara ya kurudi kama mtu anayetazama maji ya baridi kabla ya kuoga. Kisha akaingia mwenyewe, akafunga mlango, akaniambia nisinyamaze hata kidogo.

Nikaongea. Niliongea kuhusu unga, kuhusu panya wa stoo, kuhusu Bado Kidogo aliyeahidi kumwoa mtu na bado kidogo mpaka leo. Sijui nilisema nini kingine. Lori lilikuwa mbele na jingine nyuma. Alinishika paja, kucha zikaingia. Ghafla akauliza kama tumeshapita. Nikamwambia tumeshapita zamani, tuko karibu na njia panda. Akafumbua macho, akaangalia nje, akaangalia mshale wa mwendo, akasema naendesha kama nimebeba mayai. Halafu akaomba nisimame, akashuka akatapika kando ya mtaro, akarudi akakaa. Hakutembea kwa miguu.

Kwa hiyo tunakuja. Nasema tunakuja, na moyo unanidunda kama nimeiba. Siwezi kukuapia kwamba siku yenyewe hatashuka pale njia panda. Siwezi hata kukuapia kwamba mimi sitashuka. Mpango ni kuondoka alfajiri kabla malori hayajajaa, mikate ataisambaza binti yangu. Tutapumzika mara moja njiani, mama yako anyooshe miguu. Utukute nje ya lango kubwa la bandari, upande wenye kivuli. Usitupungie mkono kutoka mbali. Macho ya mama yako siku hizi ni ya karibu, atadhani ni mtu mwingine na utajisikia vibaya bure. Na tukichelewa usianze kuwaza mabaya. Nimetobokewa tairi tu, au nimeogopa kulipita lori nikalifuata njia nzima.

Kuna jambo moja mama yako anakuomba, na ndilo kubwa kuliko yote. Ikifika saa ya kuondoka hataki umsindikize mpaka garini kisha usimame pale unazidi kuwa mdogo kwenye kioo. Anaomba uingie nasi. Pikapu inabeba watatu mkibanana. Uje nasi katika njia ya kurudi mpaka kile kituo cha mafuta cha mwisho wa mji, uko katikati yetu, halafu ushuke upande bodaboda kurudi melini. Anasema kurudi kukianza na wewe ukiwa ndani ya gari, kipande kilichobaki atakimaliza. Omba ruhusa kwa wakubwa zako mapema, waeleze vyovyote utakavyo. Ukiona aibu sema ni ombi la mama yako mdogo, asiyejua njia za mjini. Si uongo.

Kama haitawezekana, usitutumie ujumbe wa kusema labda. Sema hapana, nijue la kumwambia.

Binti yangu anakusalimu, anataka picha yako ukiwa na ile kofia ya mpishi. Mjomba wako anakusalimu, anauliza kama baharini mnakula samaki au mmeshawachoka. Bado Kidogo naye anakusalimu na kusema niendeshe kwa gia ya nne, nisiiogope. Wasalimie mabaharia wenzako, hasa huyo aliyeleta mkate.

Nilikuwa nimefika hapa mama yako akaingia, akavuta kiti, akataka nimsomee yote. Nimemsomea, ila pale pa hamira nimeparuka. Pale pa kutapika amecheka. Pale pa kukulaumu mwaka mzima nikasita, nikamuuliza kama nipafute. Alizungusha kidole kwenye pindo la nguo yake.

"Paache," akasema. "Asome akiwa huko, amalize kulia huko. Huku tutakuwa na muda mfupi."

Mungu akuvushe maji yote uliyonayo mbele, akufikishe gatini mzima, nasi atufikishe langoni.

Nakupenda kama niliyekuzaa,

Mama yako mdogo wa mikate.