Kulungu Aliyetulia

Jumatano, Riyadh

Yule kulungu jike amekufa. Nilimwonya bosi asubuhi kwamba kulungu wa mwituni akishikwa haonyeshi hofu. Hutulia tuli, huku akifa ndani kwa ndani.

Hawa wenye madoa bosi aliwaleta mwenyewe kutoka India. Wakaruka uzio wa shamba lake, na sasa wamezaana bondeni, wanamaliza migunga inayowalisha paa wa hapa. Lazima waondolewe, sikatai.

"Yalla, twende, daktari," bosi alisema. Tukamnasa jike mmoja kwa wavu. Alisimama kizimbani, hata sikio halikutikisika.

"Umeona? Mafi mushkila, hakuna shida," bosi akacheka.

Nilimwekea yule jike mkono kifuani. Moyo ulikwenda kama cherehani. Udaktari wangu wote wa wanyama haukufaa kitu. Alasiri magoti yake yalikunjika, akaanguka bila sauti.

Tulipoinua macho, wenzake walikuwa wamejipanga nje ya uzio, wakitutazama. Hatukuwasikia wakija. Bosi alinishika mkono kama mtoto.

"Halas, basi. Waache."

Nimefarijika kwamba hatutanasa mwingine, lakini naogopa. Mwakani watalijaza bonde, na hakuna atakayethubutu kuwagusa.